Hata Chembe Moja ya Mkate

Mtaa wa San Luis haupitiki Jumamosi asubuhi. Vitambaa vimetandazwa mpaka barabarani, wauzaji wanaitana, na mji mzima wa Rosario umekumbuka siku hiyohiyo kwamba unahitaji zipu. Ornella Quiroga alikuwa akirudi kazini kwake, duka la vifungo, amevaa gauni jeusi lenye kola nyeupe. Mkononi alishika karatasi ya daktari, ameisoma mara nne na bado haamini. Hakumwona mwanamume aliyebeba trei ya maandazi.

Wakagongana paa! Sukari na unga vikamjaa Ornella kifuani.

"Samahani, dada, samahani sana!" Mwanamume alianza kumpangusa, kisha akaona mkono unaelekea wapi, akausimamisha hewani.

"Ishia hapohapo," Ornella alisema, akashindwa kujizuia kucheka.

"Naitwa Leandro Pautasso. Duka letu la mikate liko pale kwenye kona. Babu alioka, baba akaoka, na mimi naoka. Chukua hili moja lililosalimika, bado la moto."

Karatasi ya daktari ilisema ngano marufuku, shayiri marufuku, hata chembe moja, maisha yake yote. Utumbo wake ulikuwa hauvikubali, ndiyo maana alikonda miezi yote ile. Ornella alimtazama Leandro, ndevu nyeusi zilizojaa unga, macho ya mtu aliyevunja kitu cha watu.

"Nimeshiba," alisema.

Uongo ulianzia hapo, na mimi simlaumu. Nani angemwambia mwoka mikate jambo kama lile siku ya kwanza? Shida ni kwamba hakumwambia siku ya pili, wala wiki ya tano, na kufikia hapo alikuwa anampenda mpaka anajionea aibu.

Leandro alimpigia simu kila siku saa saba, tanuri likishapoa.

"Mwembamba wangu, umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Nini?"

"Wali."

"Wali tena! Ngoja nikuoe, utanenepa mpaka milango ilalamike."

"Kwanza uniombe vizuri, bwana."

Alipotaka kumbusu, Ornella alimpa shavu. Leandro alidhani ni haya, na haya hiyo ikamzidishia mapenzi.

Jumapili moja Leandro alimpeleka kwa mama yake, Doña Irma. Ornella alivaa sketi ya kijani na hereni za marehemu bibi yake. Waliketi uani, kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani, kikazunguka kama kawaida, kibuyu kimoja, mrija mmoja, watu saba. Katikati palikuwa na sinia la biskuti, na kila aliyeshika mrija alikuwa ametoka kutafuna. Kibuyu kilipomfikia, Ornella aliona chembe imeganda kwenye ncha ya mrija. Akakirudisha bila kunywa.

Watu wote uani wakaacha kutafuna. Kwetu unaweza kukataa nyama ya mwenye nyumba, hata timu yake ya mpira, lakini ukikataa mrija uliotoka mdomoni mwake umemwambia kwamba unamwonea kinyaa.

"Binti," Doña Irma aliuliza, "kwani sisi tuna ugonjwa gani?"

Leandro alimfuata Ornella mpaka getini. Akamwinamia ambusu, naye akageuza uso.

"Hata mimi? Nanuka?"

"Una unga, Leandro."

"Unga huu ndio ulionisomesha. Kama unamwonea aibu mtu wa unga, sema tu!"

Ornella aliondoka analia. Alilala na aibu ile, na Jumatatu akapiga simu yeye.

"Sikuwaonea kinyaa. Ngano inanidhuru. Daktari kanikataza hata chembe, hata iliyo mdomoni mwako."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile uliponimwagia trei."

"Muda wote huu ulikuwa unaniogopa?"

"Niliogopa kukukosa."

"Niache nifikiri," Leandro alisema, akakata.

Siku nane hakupiga. Ornella aliuza vifungo, na kila ikifika saa saba aliitazama simu kwa chuki. Aliwaza kwamba Leandro atamwacha yeye, au ataacha tanuri kwa ajili yake na mwaka ukipita amchukie. Hakujua lipi lilimtisha zaidi.

Siku ya tisa Leandro aliingia dukani, wateja wamejaa. Shati la bluu jipya, nywele bado mbichi, na ndevu hakuna!

"Wewe nani?" Ornella aliuliza.

"Unga ulikuwa unalala mle, nikaufukuza. Mwembamba, nimejaribu mkate wa mchele mara kumi na moja. Yote matofali. Sikukuletea hata mmoja, maana jikoni kwetu unga umefika mpaka darini, ningekuua kwa mapenzi. Na mama anachemsha masufuria tangu juzi. Amenunua vibuyu, sasa kila mtu na chake, mjomba wangu amenuna, anataka kile cha pamoja."

Ornella alicheka huku machozi yanamtoka. "Usiache kazi yako kwa ajili yangu. Utanichukia."

"Nani kasema naacha? Mimi ni mwoka mikate."

"Leo umekula nini?"

"Ndizi mbili. Na nimepiga mswaki mara tatu."

"Na kesho?"

"Kesho alfajiri nitakula mkate wangu, lazima niuonje. Halafu nitaoga, nitapiga mswaki, nitabadilisha nguo, ndipo nije kwako. Keshokutwa hivyohivyo. Mpaka tuzeeke, Ornella, ukinikubali."

"Na meno yaking'oka?"

"Nitasugua fizi."

"Binti, mjibu huyo," alisema bibi mmoja kwenye foleni, "au nipe uzi wangu niende zangu!"

Ornella alizunguka kaunta, akakishika kile kidevu kipya kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akambusu mdomoni.