Barua ya Alhamisi

Maiti ilitambuliwa Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na aliyeitambua hakuwahi kumwona marehemu akiwa hai.

Sajini alikuwa na wiki mbili tu tangu akabidhiwe dawati la watu waliopotea. Aliposikia kwamba hospitali inajiandaa kuzika maiti zisizo na wenyewe, alikusanya faili zake zote kumi na tisa akaenda kuzilinganisha nazo. Hakuna aliyemtuma. Mhudumu wa mochwari, mtu mpole asiyependa maneno mengi, akamvutia droo moja baada ya nyingine. Katika ya kumi na mbili alilala mzee mrefu, mvi tupu, kidole cha pete cha mkono wa kushoto kimekatika katikati.

Sajini akafungua faili la sita. Fundi saa, miaka sabini na moja, msahaulifu. Kidole cha pete, kushoto, nusu. Ametoweka Jumatatu, tarehe tatu mwezi wa tano.

"Huyu ana muda gani hapa?"

"Aliletwa tarehe nane mwezi wa tano. Miezi mitano sasa."

"Binti yake hakuja kuuliza?"

"Alikuja, afande. Na barua ya kituo chenu." Mhudumu akaitafuta kwenye jalada. Barua ilisema mzee ametoweka tarehe kumi na tatu. "Nikatazama walioingia kuanzia hiyo kumi na tatu. Mimi nafuata karatasi."

Sajini akaiomba ile barua. Kalamu imeteleza, alijisemea, ingawa moyo haukutulia.

Kutoka mochwari hadi kituoni ni mwendo wa dakika nane. Binti wa fundi saa alikuja kituoni kila Jumanne kwa miezi mitano, na kila mara Koplo wa mapokezi, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alimkaribisha benchi na kummiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Sajini alimkuta anapanga vikombe.

"Koplo, tumempata yule fundi saa. Yuko mochwari."

Koplo akakaa taratibu. "Masikini mzee wa watu," akasema. "Siku mbili wodini, hana hata wa kumshika mkono."

Sajini akampa pole, akaenda kumtafuta mtu wa mwisho kuonekana na marehemu.

Huyo alikuwa mume wa binti, seremala, na maelezo yake kwenye faili yalikuwa na tundu. Aliandika kwamba mzee alitoroka yeye akiwa kazini. Lakini bosi wake wa karakana alikwisha kumwambia Sajini kwa simu kuwa Jumatatu ile hakufika kazini.

"Bwana, Jumatatu ile ulikuwa wapi?"

Seremala akafuta vumbi la mbao mikononi, akafuta tena. "Nyumbani. Naumwa mgongo. Mzee akawa ananiuliza saa ngapi. Namjibu, baada ya dakika mbili anauliza tena. Fundi saa, afande, ananiuliza mimi saa ngapi." Akaweka kitambaa chini. "Saa tisa mchana nikamfungulia mlango. Nikamwambia, baba, toka ukapunge upepo. Nikarudi kulala."

"Mkeo anajua?"

"Angejua ningekuwa bado nalala ndani?"

Ulikuwa ukweli mchungu, lakini haukueleza ile barua. Asubuhi ya Jumatano Sajini akarudi hospitalini na kuomba faili la mgonjwa. Muuguzi wa wodi ya wanaume akamsomea: mzee aliokotwa Alhamisi, saa moja asubuhi, ndani ya mtaro wa jengo lililoachwa. Mtaro huo haukufika mita mia tatu kutoka nyumbani kwake. Alikuwa hai. Alifariki Jumamosi alfajiri kwa ugonjwa wa mapafu.

"Alilala hapa siku mbili," muuguzi alisema. "Tulipeleka taarifa kituoni kwenu siku ileile aliyookotwa."

Sajini mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari za wodi. Jana hakumtajia mtu kitu zaidi ya mochwari.

Akaomba daftari la kupelekea barua. Alhamisi, tarehe sita, saa tisa na robo mchana: imepokelewa, muhuri wa kituo, sahihi isiyosomeka. Kituoni, daftari la barua zinazoingia lilikuwa na kurasa zenye nambari. Baada ya ukurasa wa arobaini na sita ulifuata wa arobaini na nane.

Saa nane mchana wakakutana ofisini kwa mkuu wa kituo: mkuu, Sajini, Koplo, na binti, aliyekwisha kumwona baba yake, macho yamekauka.

"Dada, barua hii nani alikuandikia?" Sajini aliuliza.

"Koplo. Aliniambia niipeleke mochwari, nisikae na wasiwasi."

"Koplo, jana uliniambia siku mbili wodini. Nani alikwambia habari za wodi?"

Koplo akavua kofia, akaiweka magotini.

"Jumatatu ile huyu binti alifika hapa saa kumi na moja jioni," alisema. "Nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Nilivyokuta watu wanafanya, ndivyo nilivyofanya miaka thelathini."

"Hakuna sheria inayosema hivyo," mkuu alisema.

"Najua sasa, afande. Alhamisi barua ikaja, natoka zamu. Nikaitia chini ya trei bila kuisoma. Ijumaa nilikuwa mapumziko. Jumamosi nikaisoma, nikaona kidole. Nikapiga simu wodini. Wakaniambia mmechelewa, ametutoka alfajiri. Nikachana ukurasa. Aliponiomba barua ya mochwari, nikaongeza moja mbele ya tatu. Ningestaafu bila doa."

Binti akamgeukia.

"Ile chai ulikuwa unanipa ukijua?"

"Nikijua, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Jioni ile Koplo aliondolewa kazini na kufunguliwa mashtaka. Sajini aliandika maelekezo mapya, mkuu akayatia sahihi: anayeripoti mtu aliyepotea aandikwe saa hiyohiyo, na nakala ipelekwe hospitali na mochwari siku hiyohiyo. Siku ya pili tu tangu agizo lianze, faili lingine la zamani likapata mwenyewe, maiti ya mwanamke kijana. Sajini hakujua afurahi au alie.

Jumamosi alikwenda mochwari kuwasindikiza wafiwa wa fundi saa. Muuguzi naye alikuwepo, akamwambia binti kwamba usiku wa mwisho mzee alikuwa ametulia, na alimwuliza kila aliyepita kama binti yake amekwisha kula. Binti aliitikia kwa kichwa kama anayesikia jambo analolijua.

Jeneza likatolewa. Watatu walikwisha kushika, pembe moja ikabaki. Seremala alikuwa amesimama mbali, nje ya lango, mgongo ukutani. Siku mbili zilizopita alikuwa amemweleza mkewe yote, na tangu hapo alilala karakana.

Binti akamtazama. Kisha akasema, bila kupaza sauti:

"Njoo ushike. Baba ni mzito."