Kiti cha Mtafsiri

Yalimpata rafiki yangu Judica, pale Hamugembe. Kila Jumamosi mchana, yeye na wenzake walikwenda kwenye banda la sinema, na mzee Kahigi aliketi mbele akiwatafsiria filamu kwa sauti. Kahigi alipofariki, walimzika kijijini Kashozi.

Jumamosi iliyofuata hawakukalia kiti chake.

"Mwachieni mzee nafasi yake," alisema Shamsia, mmoja wa wenzake Judica.

Filamu ikiwa katikati, umeme ukakatika. Giza likawa totoro, spika zikanyamaza. Kwenye kile kiti kikasikika kikohozi, kisha sauti ya Kahigi: "Sasa dada anataka kusimama, lakini miguu imemgomea."

Ya Judica ilikuwa imegoma kweli.

"Sasa anapiga kelele, lakini hakuna anayemsikia."

Judica alipiga kelele. Ubavuni pake, Shamsia akaendelea kutafuna karanga.