Futi Moja ya Ngazi

Jioni ya mwisho, Yunisi alishuka kuchota maji.

Hakuyahitaji sana. Vyombo vilikwisha kufungwa, magodoro yalikwisha kukunjwa na kukazwa kamba, na asubuhi lori la Abdulsalam, jirani yake wa chini, lingempeleka Matembwe kwa wakwe zake. Nyumba angewaachia watu walioinunua. Lakini hakuona vizuri kulala katika nyumba isiyo na maji. Akachukua ndoo, akashuka ngazi za Jengo B mpaka bombani, akajaza, akajitwika, akaanza kupanda polepole huku akipumzika kila kona. Umeme wa ngazini ulikuwa umekatwa, na pampu ya kupandisha maji ilikuwa imekufa mwaka uleule lilipokufa Shirika lililoyajenga majengo.

Upepo wa Makambako ulikuwa umeanza. Ulipita kwenye matofali ya matundu ukapiga mluzi, tundu hili sauti nyembamba, tundu lile sauti nene...

Alipotua ndoo jikoni, akasikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlango wa roshani. Mara tatu, taratibu, kwa kifundo cha kidole kimoja. Roshani ya ghorofa ya tatu, isiyo na ngazi ya nje wala mti wa karibu.

Yunisi hakukimbia. Tangu siku ya tatu baada ya kumzika mumewe Sila, hakuna magharibi iliyopita bila mlango ule kubishwa. Mwanzoni alifungua. Hakukuta mtu, ila harufu ya saruji mbichi, kama ukuta uliojengwa mchana huohuo. Baadaye aliacha kufungua, akawa anakaa sakafuni na kitabu cha nyimbo mapajani, akilia bila sauti.

"Nimekusikia, Baba Efraimu," alinong'ona. "Leo nitakutoa."

Ili ujue alimaanisha nini, lazima ujue majengo yale yalivyojengwa.

Yalichorwa na mzungu mmoja mrefu, mpole, siku zile Shirika lilipokuwa na fedha na kila mtu akiamini kesho itakuwa bora. Majengo matatu, ghorofa nne kila moja, paa bapa, madirisha mapana, na ngazi zilizofungwa kwa matofali ya matundu ili hewa ipite. Mzungu yule alikuwa amejenga pwani, kwenye joto. Huku hewa haihitaji kukaribishwa. Mwaka wa kwanza tu wapangaji waliziba matundu ya karibu na milango yao kwa magunia. Jikoni hapakuwa na pa kuota moto, na mama mkwe wake Yunisi, Bibi Anjela, alipokuja kutembea mara ya kwanza aliuliza watu wa humu wanaongelea wapi.

Sila alikuwa msimamizi wa waashi. Mchoro ulisema kila kona ya ngazi, pale mtu anapogeuka kati ya ghorofa na ghorofa, iwe na kina cha futi tano. Lakini saruji ilikuwa haba, siku ya ufunguzi ilikuwa imetangazwa, na mzungu alikuwa likizo kwao. Sila akaambiwa apunguze. Akapunguza futi moja kila kona. Mzungu aliporudi alipima kwa kamba yake, akapima tena, akaikunja kamba. Sila alizoea kuisimulia habari hiyo kwa kucheka. Alisema mtu yeyote angepita pale, ila mwenye kabati.

Miaka kumi baadaye, katika homa zile zilizomaliza vijana, akafa karani mmoja wa ghorofa ya nne, Msafiri, aliyekuwa akiburuta mguu. Jeneza lake likakwama konani.

Walilijaribu kwa kichwa, wakalijaribu kwa miguu. Halikugeuka. Kulisimamisha wima hakuna aliyethubutu, na kumtoa maiti sandukuni ili ashushwe kwenye blanketi wazee walikataa. Mwisho wakafunga kamba, wakalishusha kupitia roshani. Aliyefunga kamba ni Sila, kwa kuwa fundi anajua vifundo. Hakucheka tena. Baada ya Msafiri alimshusha Fidelia, muuguzi, na kitoto chake kifuani mwake. Akashusha wengine watatu. Kila mara alirudi ndani, akanawa, akakataa chakula.

Alipougua yeye, alimshika mkewe mkono. Alimwomba jambo moja tu, kwamba asimpitishe roshanini. Yunisi akamwahidi.

Siku ya mazishi wanawake walikuwa wamemkalisha chumbani. Alipotoka, jeneza lilikuwa tayari linaning'inia nje, likizunguka polepole kwenye upepo, likigonga ukuta. Mchungaji alimfariji baadaye, akamwambia Mungu hapimi ngazi. Yunisi aliamini hivyo, na bado anaamini. Lakini Bibi Anjela, mama wa marehemu, alimvuta kando palepale kaburini, akasema kwa sauti ya chini:

"Mmemtoa mwanangu kama gunia la mahindi. Hajui kama ametoka. Atarudi kuutafuta mlango."

Basi jioni ile ya mwisho Yunisi alifungua sanduku la zana la mumewe, akatoa nyundo na tindo. Akawasha taa ya chemli, akashuka mpaka kona iliyo chini ya mlango wake, akapiga magoti, akaanza kubomoa ukuta wa matundu. Kona zote asingeziweza, lakini hii ndiyo iliyomfungia Sila mlango wake; aliona kwamba ukuta ukiondoka, ncha ya jeneza ingetokeza nje kidogo, ingepata futi yake moja, ingegeuka.

Saruji ile ilikuwa haba, lakini ilikuwa imeshika. Alipiga mpaka viganja vikachubuka. Milango ikafunguliwa juu na chini, ikafungwa upesi. Alisikia mtu akisema kwamba mwanamke huyu alimmaliza mumewe, sasa anamaliza na nyumba. Alisikia neno uchawi likinong'onwa. Hakugeuka.

Aliyekuja ni Esha peke yake, mke wa Abdulsalam, ushungi wake umelowa maji ya udhu. Alisimama ngazi tatu chini.

"Mama Efraimu, nyumba ya watu hiyo. Gari si kesho? Kwani umekosa cha kufunga?"

"Nimekosa cha kufungua, Mama Rukaya."

Esha alitaka kucheka, kisha akauona uso wake. Yunisi akamweleza yote, ahadi na kubishwa kwa mlango, bila kuacha kupiga. Esha alisikiliza. Mwisho alisema huenda na yeye anasikia kitu, maana magharibi, akiwa kwenye swala, husikia kama watu wanapanga foleni huko juu. Alidhani ni upepo.

"Watu?" Yunisi aliuliza.

"Wengi, dada."

Wakatazamana. Esha akasema atakwenda kuswali, na atawaambia wa chini wafunge milango na watoto wasitoke. Akashuka haraka.

Tofali la mwisho lilianguka nje. Lilichukua muda kufika chini.

Yunisi alipanda nyumbani kwake, akafungua mlango wa roshani wazi kabisa, akafungua na mlango mkubwa. Upepo ukapita moja kwa moja. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu mezani, kwamba njia ipo sasa, atoke kwa miguu yake, aende akapumzike. Kisha akashuka ngazi tano chini ya ile kona, akakaa, akajibanza ukutani ili asizuie njia. Taa ikazimika. Bado palikuwa na mwanga kidogo wa kijivu. Akafumba macho kwa hiari yake, akashika msalaba wake mdogo wa shingoni, akaanza Baba Yetu.

Upepo ukakata.

Katika Makambako, wakati ule wa mwaka, upepo ukakata kama mtu aliyeziba mdomo.

Kisha... hatua.

Ya kwanza iliburuta mguu. Kukanyaga, kuburuta. Kukanyaga, kuburuta. Ikafika konani, ikasita, ikageuka. Baridi ikampita Yunisi begani. Akajua ni Msafiri, na machozi yakamtoka, kwa kuwa hakuwa amemfikiria kabisa. Alikuwa amemfungulia mtu mmoja, kumbe mlango ni wa wote.

Wa pili alinukia dettol, na juu ya hatua zake palikuwa na pumzi nyingine ndogo ya mtoto aliyelala.

Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Wote aliwajua: huyu kwa kikohozi, yule kwa ndara zake. Walishuka bila haraka, kama watu wanaotoka kanisani.

Yunisi alingoja wa sita. Wa sita angekuwa wake.

Hatua ikaja. Nzito, ya mwanamume. Ikageuka konani vizuri. Akashindwa kujizuia. Akanyoosha mkono, macho bado kayafumba.

"Baba Efraimu?"

Vidole vyake viligusa nguo. Haikuwa suti aliyomvika Sila. Ilikuwa kitu kikavu, kigumu, kama ngozi iliyoanikwa ikasahauliwa. Harufu yake ilikuwa ya shimo lililofunguliwa baada ya miaka mingi. Kile kitu kilisimama. Kilimwinamia. Alihisi kinamnusa utosini, taratibu...

Kikaendelea kushuka.

Nyuma yake kulikuja kingine. Hicho hakikukanyaga ngazi. Kilipita ukutani, juu ya kichwa chake, kikikwaruza lipu.

Halafu kimya. Chini kabisa mlango wa nje ukajibamiza. Upepo ukarudi.

Yunisi alifumbua macho. Alihesabu tena kwa vidole kama mtoto wa shule. Watano wa kwetu. Wawili hakuwajua. Sila hakupita.

Juu, mlango wa roshani ulikuwa wazi, lakini akasikia kifundo cha kidole kikigonga fremu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Alipanda kwa mikono na magoti. Hakuna aliyeonekana pale roshanini. Harufu ya saruji mbichi ilijaa chumba kizima, na ilimlegeza moyo, kwa sababu ndiyo harufu aliyolala nayo miaka ishirini na miwili.

"Wameshuka wote?" Sauti ilikuwa ya Sila, ya chinichini, ya mtu aliyechoka na kazi.

"Wameshuka. Wewe je? Nimebomoa kwa ajili yako."

"Nimeona. Umeumia mikono."

"Njoo basi, mume wangu. Njia ipo."

Sauti ya Sila ikashuka zaidi.

"Wale wawili wa nyuma hatukufa nao sisi. Tuliwakuta humu. Tulikuwa tunawazuia."

Yunisi aligeuka kuutazama mlango mkubwa uliokuwa wazi.

"Nabaki kuziba," Sila alisema, "wasije wakarudi na wengine."

"Aombwe mwingine azibe. Mafundi wapo."

"Ngazi niliikata mimi, Yunisi. Nenda kalale kwa Mama Rukaya. Usikae hapa."

Alimsihi. Alimkumbusha ahadi, akasema yeye aliivunja mara moja na hataivunja mara ya pili. Alimwimbia hata ubeti wa wimbo walioimbiwa siku ya ndoa, sauti ikakatika katikati. Kutoka ngazini ilianza kusikika sauti ndogo anayoijua kila mke wa mwashi, ya koleo likigeuza mchanga.

Alilala kwa Esha, au alikaa macho kwa Esha. Asubuhi vijana wa Abdulsalam walishusha mizigo. Yeye alikaa mbele ya lori na kitambaa usoni, na lori lilipozunguka kuelekea barabara ya Njombe hakuyatazama majengo.

Zilipita wiki tano. Esha alikuja Matembwe na mumewe aliyekuwa akifuata mbao, akaleta mchele na sukari, akaketi jikoni kwa Bibi Anjela, karibu na moto. Walisalimiana, wakaulizana watoto. Kisha Esha akasogea.

Alisema asubuhi ile lori lilipokwisha kuondoka alipanda kutazama. Tundu halikuwapo. Ukuta umejengwa upya, matofali mazima, bila matundu, na saruji bado inatoa maji. Watu wa mnunuzi waliulizana nani kaagiza. Tangu hapo hasikii foleni tena.

Bibi Anjela aliacha kuchochea moto. Yunisi aliuliza jambo moja tu.

"Upande upi umepigwa lipu?"

Esha hakuelewa. Yunisi akamweleza kwamba fundi hulainisha upande aliosimama, na upande wa pili hubaki na saruji iliyotokeza kati ya matofali.

"Wa ndani," Esha alisema. "Wa ngazini, laini kama sahani. Kwa nje ni mavurugu tu."

Yunisi aliinamisha kichwa; Sila alijenga akiwa ndani, hakutoka. Bibi Anjela akaweka mkono mgongoni kwake.

Sasa, kila Jumapili mchungaji wa Matembwe anaposema tuwakumbuke waliotutangulia, Yunisi hutaja majina kimoyomoyo. Humtaja Msafiri. Humtaja Fidelia na mwanawe. Huwataja wale watatu. Kisha humtaja Sila, na hapo hukaa sana.

Baada ya Sila hubaki wawili asiowajua majina. Walitoka kwa mkono wake, wakashika njia, na mpaka leo hajasikia walikoelekea. Wakati kanisa zima linasema amina, yeye huwa bado kafumba macho, akiwa hajaamua kama awaombee au aombe wasikumbuke harufu yake.