Salamu ya Mama Fides

Mtaani kwetu Tunduma hakuna asiyemjua Boazi, Mbemba wa Kasama, Zambia, anayeuza vipuri vya malori. Alihamia huku na mkewe Tabita na binti yao Miriamu, na mimi na wao tunatenganishwa na ukuta tu. Haya sikusimuliwa. Nilikuwemo kwenye gari.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, wazazi wa Boazi walivuka mpaka kuja kuwasalimia: mzee Yonathani na mama Fides. Boazi akaapa hawarudi Zambia bila kukiona Kimondo cha Mbozi. Mzee alikigonga kwa fimbo, akaruka nyuma aliposikia kinavyolia. Tulimcheka mpaka basi. Tukapiga picha, tukala ndizi za kuchoma.

Wakati wa kurudi tulipitia Iyula. Kahawa ilikuwa imechanua, na mama Fides, ambaye hakuwahi kuiona shambani, akaomba tusimame. Akaingia kwenye mibuni amemshika Miriamu mkono. Tulipowafuata, tuliwakuta wamepiga magoti mbele ya nyumba ya tope isiyo na paa, wakipiga makofi polepole, kama Wabemba wanavyomwamkia mkubwa.

"Mwapoleni mukwai," bibi alikuwa akisema. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kibemba nakisikia, maana nauza vitenge mpakani.

"Mayo, mnamwamkia nani?" Boazi alimnong'oneza mama yake.

"Huyu bibi wa mlangoni. Hajaitikia. Nitainukaje hajaitikia?"

Mkulima mmoja, Enoka, alikuwa amesimama barabarani. Hakutaka kusogea.

"Wainueni," alisema kwa sauti ya chini. "Huku tunaamkia kila mtu. Nyumba hiyo tunaipita kimya."

Tukawanyanyua. Ndani ya gari, mikono ya bibi iliendelea. Polepole. Bila kukoma.

Tulipofika nyumbani alipiga magoti mlangoni, akakataa chakula. Hospitali hawakuona ugonjwa. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka. Mimi niliogopa, lakini zaidi nilimhurumia Boazi. Alitaka kitu kimoja tu, kumrudisha mama yake Kasama akiwa hai. Mchana mmoja alimwambia Tabita ajifiche nyuma ya mlango, aitikie kwa sauti ya kikongwe.

Tabita akaitikia.

Bibi alitabasamu, akatikisa kichwa. "Huyo mkwe wangu," alisema. Makofi yakaendelea.

Alikufa vilevile, amepiga magoti. Miguu ilikataa kunyooka. Fundi alichonga jeneza fupi lenye kina kirefu, na mzee Yonathani akavuka nalo mpaka.

Pale mlangoni, kwenye saruji, vilibaki vishimo viwili. Boazi aliviziba. Asubuhi vilikuwepo. Akaziba tena. Siku hizi ameacha, hata dukani anakaa tu, wateja wanajichukulia vitu.

Juzi niliwapelekea mboga. Tabita alikuwa amekaa kibarazani, hajachana nywele.

"Tukihama, itasaidia?" aliniuliza.

Niliinama kuvua ndala, nikaona kando ya vile vishimo viwili kuna vingine viwili, vidogo.

Miriamu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Jua lilikuwa kali, lakini alikuwa amevaa suruali ndefu. Ilikuwa mpya, ya wiki ile ile, na magotini ilikuwa imetoboka.