Fundi Aliyeruka Hatua ya Kwanza

"Ukifungua mdomo tena nakutoa nje," Mwalimu alimnong'oneza Fundi, na hakuwa anatania.

Fundi akafyata ulimi. Mbele yao Mama Visima alikuwa ameinamia kompyuta, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua, akiusoma mwongozo wa programu ya Fundi kwa mara nyingine. Kazi yake mama huyu ni kupima maji ya visima. Programu aliyoitunga Fundi hupokea vipimo kama vyake na kueleza ni kisima kipi kitakauka kabla ya mvua. Aliitoa bure, na maandishi yake ya ndani akayaacha wazi, yeyote aichukue na kuirekebisha. Watu waliichukua kweli, wakaikodolea macho, wakaiacha, kwa sababu mwongozo wake haukuwa unasomeka hata kwa tochi.

Ndipo akaitwa Mwalimu, mwanamke aliyeacha chaki akawa mwandishi wa miongozo, aje waupange upya. Wakapanga. Katikati ya kupanga wakazoeana, na kuzoeana kukazaa mambo. Fundi alimsindikiza kila jioni mpaka mlangoni. Alitengeneza pasi ya mama yake Mwalimu bila kuombwa. Lakini neno lenyewe hakulitoa, na Mwalimu alikuwa amechoka kulisubiri.

Siku hiyo kulikuwa na sheria moja tu: mtunzi akae nyuma ya mtumiaji na asimsaidie kwa lolote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Mwalimu alisema. Pale mgeni anapokwama ndipo mwongozo unapovuja.

"'Weka vipimo vyako mahali pake,'" Mama Visima alisoma, kisha akageuka. "Mahali pake ni wapi, wanangu?"

Fundi akaanza kukohoa kama aliyepaliwa. Mwalimu akamkanyaga mguu.

Mama Visima alibonya hapa, akabonya pale, mwisho akavua miwani. Akasema mashine haina kosa, ni kichwa chake ndicho kimezeeka. Mwalimu alisikia uchungu, maana kila aliyekwama alijilaumu hivyo hivyo. Akamshika mama wa watu mkono, akamwambia kosa ni lao, akamshukuru na kumtoa mpaka nje.

Aliporudi, Fundi alikuwa huru kusema, maana mtumiaji ameshaondoka.

"Lakini ile folda ya vipimo iko pale pale. Kila mtu anajua."

"Nani kakwambia?"

"Si iko wazi."

"Kwako. Umeishi nayo, unalala nayo. Mwongozo wako unaanzia hatua ya pili, ya kwanza imebaki kichwani mwako."

Fundi alijikuna kisogo, akakubali. Wakatandaza karatasi mezani. Mwalimu alitaka mwongozo ugawanywe kufuata wasomaji: kurasa za mgeni kabisa, ashikwe mkono tangu mlangoni, kurasa za mwenye haraka anayetaka kufanya jambo moja aondoke, na nyingine za mbishi anayetaka kujua hesabu zinapigwaje. Fundi alikuwa amewaandikia wabishi peke yao, maana na yeye ni mbishi.

Mwalimu aliongea huku moyo ukiwa mbali. Alikuwa amepata kazi katika mji mwingine, na kesho yake alitakiwa kujibu. Alimweleza Fundi habari hiyo siku ile ile alipoipata, akitumaini ataambiwa usiende, au hata nitakukumbuka. Fundi alisema, "Ni kazi nzuri," akarudi kwenye kompyuta yake. Tangu hapo Mwalimu alikuwa analia akiwa peke yake.

Simu yake ikatoa mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa dada yake Fundi.

"Wifi, samahani kukusumbua kazini. Mama anauliza, harusi tuifanye kabla hamjahamia huko kwenye kazi yako mpya au baada? Mimi nasema kabla."

Mwalimu alirudia kusoma. Akamsukumia Fundi simu.

"Harusi ya nani hii?"

Fundi akasoma. "Yetu."

"Yetu, mimi na nani?"

"Mwalimu jamani. Si unajua."

"Najua nini? Mama yako anajua, dada yako anajua. Nani mwingine anajua kabla yangu?"

"Mwenye nyumba. Nimeshampa taarifa kwamba nahama."

Mwalimu alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akamwambia yote: lile jibu la kazi nzuri, siku alizokaa akidhani ameachwa, na jinsi alivyoapa kuondoka bila kuaga.

"Niliposema ni nzuri," Fundi alisema taratibu, "nilikuwa nimefungua kompyuta kututafutia nyumba kule. Kazi yangu naifanya popote palipo na umeme. Nilidhani unaliona hilo."

"Ningelionaje? Niko ndani ya kichwa chako?"

Fundi akazunguka meza, akavuta kiti, akakaa mbele yake magoti yakigusana.

"Basi naanza mwanzo. Nakupenda. Nataka kukuoa, na nataka twende wote kule. Unanitaka?"

"Kazi nitaichukua hata usiponifuata."

"Ichukue. Hilo silo nililouliza."

Mwalimu alijifuta macho kwa kiganja. Alijisikia mwepesi, na akaona hapo ndipo pa kumkomoa kidogo.

"Wanaume mna kazi. Mtu unampenda mwaka mzima, humwambii."

"Na wewe?" Fundi aliuliza, bila ubishi wowote. "Uliwahi kuniambia?"

Mwalimu akaanza kuhesabu yake. Alimshonea vifungo vya shati. Alimngoja kila jioni hata alipokuwa amemaliza kazi zake mapema. Aliona mwenye macho haambiwi tazama. Ila kwa mdomo wake, hata siku moja. Huyu mwanamume alikuwa ameaga nyumba yake na kuwatangazia ndugu zake kwa kuamini tu.

Aibu ikamshika, na nyuma ya aibu ukaja upendo mwingi.

"Nakupenda," alisema. "Nakutaka. Ndiyo."

Fundi aliinamisha kichwa kwenye mikono ya Mwalimu. Kisha Mwalimu akaivuta simu, akamwandikia dada yake Fundi huku bado anavuta kamasi:

"Kabla, wifi. Ila msikodi ukumbi kwanza. Mwambie mama aje na wazee nyumbani kwetu, maana baba yangu naye hajui kitu."