Kifurushi cha Mzee Mutembei

Chuo kile cha kompyuta mjini Embu kilikuwa orofani, juu ya bucha. Wanafunzi arobaini, kompyuta sita. Njeru aliinuka kidogo tu kunyoosha mgongo. Alipogeuka, kiti kilikuwa kimepata mwenyewe: msichana wa jinzi pana, viatu vya soli nene, nywele amesuka rasta nyembamba.

"Dada, hapo ni pangu."

"Pameandikwa jina?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Ulikuwa. Sasa simama hapo nyuma unifundishe."

Njeru akacheka, akasimama. Tangu siku hiyo hakukaa tena mbali naye.

Aliitwa Linda, mtoto wa mkulima wa miraa huko Laare, Umeruni. Njeru alitoka Manyatta, huko huko Embu, na alikuwa ameapa kwamba mikono yake haitachuma kahawa ya baba yake tena. Ndivyo walivyokuwa vijana wa mwaka ule wa 1999. Wamemaliza kidato cha nne, kazi hakuna, lakini kichwani kila mmoja tayari ana ofisi na kiti cha kuzunguka. Mambo ya wazee waliyaona kama nguo iliyobana.

"Hamia kwangu, mpenzi," Njeru alimwambia mwezi wa Agosti. "Si kila mtu anafanya hivyo? Mila tutafanya baadaye."

"Na nikifa kabla ya hiyo baadaye yako?" Linda hakuwa anacheka. "Dada yangu Regina alihamia kwa mtu hivyo hivyo. Alipokufa, baba alikataa azikwe mpaka mahari itolewe. Alikaa mochari wiki tatu. Mimi bila baraka ya baba siolewi, Njeru. Mpelekee miraa, kama watu."

Kwa Wameru, anayeposa hupeleka kifurushi cha miraa teule, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Baba akikipokea na kutafuna, mazungumzo yameanza.

Njeru alikinunua sokoni Laare, akiwa na rafiki yake Runji, Mwembu mwenzake.

"Tuonje," Runji alisema. "Tusimpelekee mzee takataka."

Wakafungua. Wakatafuna vijiti vinne, wakafunga tena kwa kamba ya nailoni.

"Atajua?" Njeru aliuliza.

"Atajuaje? Acha uoga. Hata kwa kompyuta ukikosea unafuta."

Mzee Mutembei, baba yake Linda, alikuwa ameketi nyumbani kwake na ndugu zake watatu. Alikipokea kifurushi, akaitazama ile kamba, akakiweka chini taratibu.

"Nani amefungua hii?"

"Mimi, mzee. Tulionja tu kidogo."

Wanawake mlangoni mwa jikoni wakafunika midomo.

"Kijana, kwetu hiki ndicho binti yangu. Umemleta mbele ya ndugu zangu, unasema mlimwonja. Wewe na mwenzako."

"Mzee, sikujua! Naenda kununua kingine sasa hivi."

"Kingine? Mimi Linda mwingine sina. Chukua kitu chako uende."

Linda alikuwa amesimama na birika la chai, amevaa gauni la samawati alilolishonesha kwa siku hiyo. Aliliweka birika chini, akaingia ndani. Chuoni hakurudi tena.

Njeru alituma wazee kutoka Manyatta na mbuzi wawili. Wakarudishwa pamoja na mbuzi wao. Kila Jumamosi alipanga foleni kwenye kibanda cha simu nje ya posta, akapiga duka la Kaberia, jirani wa kina Linda. Jibu lilikuwa moja: hayupo.

Jumamosi ya saba simu iliinuliwa tena.

"Mzee Kaberia, ni Njeru wa Embu. Naomba Linda."

Mkono ulifunika simu, lakini vibaya. Akaisikia sauti anayoijua, kwa Kimeru. Kimeru na Kiembu ni ndugu, hakuhitaji kutafsiriwa. *Mwambie sipo.*

"Hayupo, kijana."

Njeru aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Nyuma yake mama mmoja alikuwa anamhimiza amalize.

"Sawa, mzee. Akirudi, mwambie sitapiga tena."

Kisha Kaberia, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema polepole:

"Amesikia."