Kitanda Laini cha Punda

Kila asubuhi ukungu ulishuka mlimani polepole, ukalala juu ya mabati ya nyumba. Ndani ya ukungu huo Bi Taratibu alipanda mteremko na mundu wake. Majirani walimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kuharakisha jambo.

Mteremko ule ulikuwa shamba zamani. Sasa ulijaa makangaga, mimea isiyotoa maua, yenye majani mapana yaliyochanika kama manyoya ya ndege. Machipukizi yalitoka ardhini yamejikunja, kama ngumi za mtoto aliyelala. Bi Taratibu aliyapita bila kuyakanyaga. Alikata majani makavu tu, akayapeleka bandani.

Yalikuwa kitanda cha punda. Punda huyo mzee ndiye aliyevuta mkokoteni wa mume wake, mwuza maji. Bila yeye, hakukuwa na maji ya kuuza.

"Ametubebea madumu miaka kumi na moja," alisema Bi Taratibu. "Na alale pazuri."

Mwezi wa pili tangu aanze kutandikiwa majani hayo, punda alianza kuyumba, akisimama huitanua miguu asianguke. Fundi cherehani, jirani yao, alichungulia dirishani.

"Jirani, punda wako anauza maji, au amekunywa kitu kingine?"

"Wewe shona," mwuza maji alijibu. Lakini hakucheka.

Mchana huo punda alianguka barabarani. Madumu yalibingirika hadi mtaroni. Fundi cherehani aliacha shati la watu mashineni, akasaidia kumwinua. Kisha akaenda mwenyewe kumwita daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye buti za mpira. Alimpima punda, halafu akachuchumaa, akaokota jani lililotafunwa.

"Mama, kitanda hiki kinapungua?"

"Kila siku. Nilidhani anakisaga kwa kwato."

"Anakila. Kangaga lina sumu, likiwa bichi au kavu. Linaharibu vitamini mwilini mwa punda, kidogo kidogo, mpaka miguu inakosa nguvu. Ng'ombe naye likimdhuru, hutokwa damu."

Bi Taratibu aliketi juu ya ndoo. "Kumbe nimempa sumu kwa mkono wangu."

"Ulimtandika kwa upendo, mama. Hukujua. Mtandikie nyasi kavu."

"Atapona?" mwuza maji aliuliza.

"Nitamchoma sindano za vitamini kila siku. Wengi hupona wakiwahiwa. Lakini siwaahidi."

Walifagia banda lote. Mwuza maji alichukua kiberiti. "Leo nauchoma mteremko mzima."

"Utayasaidia makangaga," daktari alisema. "Njoo uone."

Walipanda wote watatu. Daktari alichimba kwa jembe, akafunua kitu cheusi kama kamba nene.

"Hili ni shina lake. Linatambaa chini, moto haulifikii. Moto unaua nyasi tu, kisha kangaga linabaki na nafasi yote."

Aligeuza jani. Pembeni, upande wa chini, palikuwa na vumbi la kahawia.

"Kangaga halina mbegu. Upepo hubeba vumbi hili, nalo huota panapolifaa: udongo mchachu, shamba lililoachwa, ukingo wa msitu."

"Sasa tunalishindaje?" Bi Taratibu aliuliza.

"Kwa kulichosha. Kata majani mara yanapokwisha kukunjuka, maana shina limetumia akiba yake kuyatoa. Yakirudi, kata tena. Mwakani pia, na mwaka wa tatu. Msiyaache mahali mnyama anapoyafikia."

Mwuza maji alishusha pumzi. "Miaka mitatu!"

"Hiyo kazi niachie mimi," mkewe alisema. "Wewe ukiianza, utataka kuimaliza leo."

Siku zile mwuza maji aliuvuta mkokoteni mwenyewe, na fundi cherehani akausukuma kwa nyuma, akilalamika njia nzima. Bi Taratibu alikaa bandani na punda. Alimshikia ndoo anywe. Alimfuta macho kwa kitambaa chenye unyevu. Asubuhi ya nne alimkuta amesimama, miguu imekaribiana. Punda alipiga hatua moja. Akangoja. Akapiga nyingine, akaja kuegemeza kichwa begani pake.

Mwaka wa tatu makangaga yalifika magotini tu, na nyasi laini zikaanza kuota katikati yake. Bi Taratibu alisimama humo na mundu wake, akatazama chini barabarani. Punda alikuwa akipita na madumu machache. Alikwenda moja kwa moja bila kuyumba, wala hapakuwa na mtu aliyemshika.